Tuijue Burundi, Ambayo Mizigo Yake Inapita Mlangoni Petu

Kila alfajiri, kabla adhana haijamalizika katika vitongoji vya Temeke, malori yaliyolala kandokando ya Barabara ya Mandela huanza kunguruma moja baada ya jingine. Miongoni mwake yamo yenye namba za usajili za Burundi. Madereva wake na matingo hununua chai na chapati kwa mama lishe wa Kurasini, na huzungumza naye Kiswahili ambacho sikio la mtu wa pwani hukitambua mara moja kuwa si cha hapa, lakini ni Kiswahili. Jua likichomoza wamekwisha shika njia ya Ubungo na Kibaha, na mbele yao kuna safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Sisi tuliobaki hurudia shughuli zetu. Ni wangapi kati yetu wawezao kueleza shehena ile inakwenda katika nchi ya namna gani?

Hatuulizi swali hili kwa nia ya kuwatahini wananchi jiografia. Tunauliza kwa sababu sehemu kubwa ya bidhaa ziingiazo Burundi kutoka ng'ambo hupitia bandari ya Dar es Salaam, na watu wengi wa Temeke na Kinondoni wanakula kwa kazi hiyo: makuli, mawakala wa forodha, mafundi wa gereji, wauza vipuri, walinzi wa maghala na akina mama wa chakula. Mtu akiishi kwa mzigo wa jirani asiyemjua, huuona ule mzigo kuwa ni bughudha tu inayoziba njia. Na ofisa akiwa na mawazo hayo hayo, hupitisha uamuzi unaomuumiza mkulima aliye mbali, pasipo hata kujua kwamba amemuumiza.

Burundi ni nchi yenye eneo la kilomita za mraba 27,834, yaani ni ndogo kuliko Mkoa wetu wa Kigoma. Haina bahari. Mtu anayeingia kwa upande wa Ziwa Tanganyika huanzia katika uwanda wa Imbo, ambako michikichi na mpunga hustawi, na joto lake halitamshangaza mtu wa Mbagala. Kisha, ghafla, nchi husimama wima. Barabara itokayo Bujumbura hupanda kwa kujipinda na kujizungusha mpaka kwenye mgongo wa milima unaoyagawa maji ya Afrika. Tone la mvua likianguka upande wa magharibi huteremka ziwani, likafuata mto Lukuga mpaka Kongo na kuishia katika bahari ya Atlantiki. Likianguka upande wa mashariki huingia mto Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, na likijaliwa hufika Misri. Kilele cha Heha, kilicho kirefu kuliko vyote nchini humo, kinakaribia mita 2,700. Mpanda mlima wa Kilimanjaro atakidharau, maana hakifiki hata nusu. Lakini Kilimanjaro ni mlima mmoja uliosimama peke yake, ilhali huko karibu nchi nzima imeinuka. Kutoka kwenye mgongo huo ardhi hushuka taratibu kuelekea mashariki, kilima baada ya kilima, mpaka kwenye mabonde ya Kumoso yaliyo jirani na mpaka wetu na mto Malagarasi.

Katika nchi hiyo mtu haulizwi anatoka kijiji gani. Huulizwa anatoka kilima gani. Kilima ndicho ngazi ya chini ya utawala, na ndicho anwani ya mtu, na mara nyingi ndicho urithi wake wa pekee. Nyumba hazikukusanyika pamoja. Kila kaya imekaa katikati ya migomba yake, na maharage yake, na mihogo yake, jambo ambalo humshangaza Mtanzania aliyezoea vijiji vilivyopangwa tangu operesheni za miaka ya 1970. Mabonde yaliyo kati ya vilima hulimwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo wakulima wengi wana misimu mitatu kwa mwaka. Hawafanyi hivyo kwa anasa. Nchi hiyo ina zaidi ya watu milioni 12, na walio wengi wanategemea jembe la mkono.

Ndugu zetu wa Visiwani wataielewa hali hiyo upesi kuliko sisi wa Bara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, katika eneo lisilofika kilomita za mraba 3,000. Wao wanajua maana ya ardhi kuwa kidogo na watoto kuwa wengi. Wanajua pia maana ya kungoja chombo: mchele, saruji na mafuta ya taa vikikawia bandarini ya mwenzako, bei hupanda dukani kwako kesho yake, na huna la kufanya. Tofauti iliyopo ni kwamba mtu wa Pemba amezungukwa na maji, na Mrundi amezungukwa na nchi za watu wengine.

Uchumi wa Burundi umeegemea kilimo. Kahawa ililetwa na utawala wa Wabelgiji, na hadi leo mamia ya maelfu ya familia hupata fedha zao za ada na za bati kutokana na mikahawa michache iliyopandwa mteremkoni. Sehemu kubwa ya kahawa hiyo husafirishwa kupitia Dar es Salaam. Chai, ambayo hustawi katika baridi ya Teza na Rwegura, aghalabu huuzwa mnadani Mombasa. Kuna dhahabu. Kuna pia nikeli ya Musongati, iliyojulikana tangu miaka ya 1970, ambayo kwa miongo mingi imebaki ardhini kwa sababu hapakuwa na reli wala umeme wa kutosha kuitoa. Kuhusu umeme hatua imepigwa: mtambo wa Rusumo katika mto Kagera, wenye megawati 80, unagawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kinachoisumbua Burundi zaidi ni uhaba wa fedha za kigeni. Katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2024, upungufu wa mafuta ya petroli ulifanya magari yapange foleni Bujumbura kwa siku kadhaa, na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Nchi ikiwa katika hali hiyo, kila siku ambayo lori linasimama bila sababu hutoka katika mfuko usio na kitu. Mbolea inayotakiwa kabla ya mvua za Septemba ikifika Oktoba, imefika kama deni. Hilo ndilo tungependa maofisa wetu walikumbuke wanapoacha faili mezani siku ya Ijumaa.

Wala tusidhani kwamba sisi ndio tunaotoa na wao ndio wanaopokea. Kiwanda cha mbolea cha Itracom kilichopo Dodoma, kilichoanza kujengwa mwaka 2021, kimewekwa na wawekezaji kutoka Burundi. Na mashabiki wa mpira wa Temeke hawahitaji kukumbushwa na gazeti hili kwamba Simba na Yanga zimekwisha shangiliwa mara nyingi kwa mabao yaliyofungwa na vijana wa Bujumbura.

Jambo la bandari si geni baina yetu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika, na Ubelgiji ikakabidhiwa Ruanda-Urundi. Mwaka 1921 wakubwa hao wawili walipatana kwamba Ubelgiji ipewe viwanja vyake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, tena kwa muda usio na mwisho. Viwanja hivyo vilijulikana kwa jina la Belbase, na wazee wa bandarini bado wanalikumbuka jina hilo. Tanganyika ilipokuwa inaingia katika uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikataa kuutambua ukodishaji huo wa milele. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtawala aliyekabidhiwa nchi kwa muda hawezi kuigawa ardhi yake milele, na nchi iliyo huru haiwezi kufungwa na jambo hilo. Lakini mzigo wa Burundi haukuzuiwa. Kilichokataliwa ni haki ya mkoloni kumiliki kipande cha nchi yetu. Njia ya jirani ilibaki wazi. Tunaona kwamba tofauti hiyo ilikuwa ya busara, na kwamba wapo leo wanaoisahau, wakadhani kuipenda nchi ni kumsumbua mpita njia.

Upo wakati njia hiyo ilifungwa kweli. Mwezi wa Julai 1996 jeshi lilipotwaa madaraka Bujumbura, nchi jirani, Tanzania ikiwamo, zilikutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Vilidumu mpaka Januari 1999. Nia ilikuwa kurudisha utawala wa katiba na kukomesha mauaji, na hakuna anayeweza kusema kwamba hatari haikuwapo. Sisi ndio tuliopokea wakimbizi wa mwaka 1972, na wa mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na wengine tena mwaka 2015. Mazungumzo aliyoyaongoza Mwalimu mpaka kifo chake Oktoba 1999, na kisha Mzee Nelson Mandela, yalizaa Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Hata hivyo wakati wa vikwazo wakubwa walipata njia za magendo, na mkulima wa kilimani ndiye aliyelipa bei ya chumvi na ya mbolea. Iwapo uamuzi ule ulikuwa sahihi au la, wataalamu wataendelea kubishana. Sisi tunachokiona ni kwamba ulidhihirisha jinsi mkono ulioshika mlango wa mwenzake ulivyo na nguvu, hata usipokusudia kudhuru.

Sasa turudi Temeke. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika manispaa hiyo na 982,328 katika Kinondoni. Haiwezekani idadi hiyo ya watu iendelee kuishi na magari ya tani thelathini yaliyoegeshwa mbele ya shule na zahanati. Wananchi wa Yombo, Tandika na Kurasini wana haki ya kulalamika. Mitaro imevunjwa na magurudumu, watoto huvuka kwa kubahatisha, na usiku dereva asiye na choo hujisaidia pale anapoweza. Tunasema hivyo bila kumlaumu dereva. Ametoka Gitega au Ngozi, amengoja mzigo siku kadhaa, hana ndugu mjini, na hakuna aliyemwonyesha mahali pengine pa kukaa. Kila mara tunaposikia tangazo la kuyafukuza malori mitaani, hutafuta katika tangazo hilo maneno mawili, maji na choo, na hatuyapati.

Mwezi wa Julai 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotengewa eneo huko. Hili ni jambo jema. Shehena ikitolewa gatini kwa treni mpaka Kwala, na malori ya safari ndefu yakaishia huko, Barabara ya Mandela itapumua. Lakini mama lishe wa Kurasini na fundi wa Keko nao wafikiriwe. Wengi wao wamesomesha watoto kwa malori hayo. Tunazishauri halmashauri za Temeke na Kibaha zikutane mapema, zipange vibanda na gereji kule Kwala, na wale waliofanya kazi hii kwa miaka mingi wapewe nafasi ya kwanza, badala ya kungoja mpaka viwanja vimekwisha kushikwa na watu ambao hawajawahi kufungua nati ya lori.

Upande wa reli, matumaini ni makubwa zaidi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mzigo wa Bujumbura umekuwa ukivushwa ziwani kwa meli, pale meli zilipokuwa nzima. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza mpaka Musongati, kilomita zipatazo 240, na baadaye iendelee hadi Gitega, ambao ndio mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019. Nikeli isiyoweza kubebwa kwa lori itabebeka kwa behewa. Serikali zote mbili zisiruhusu kazi hiyo ilale njiani.

Kwa wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na Mafia tuna neno la biashara. Dagaa wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza, wakachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, wamekwisha pata soko kubwa Kongo. Wanunuzi wa huko huwafuata mpaka Unguja. Burundi nayo inapenda dagaa. Wao huwaita ndagala, na huwavua katika Ziwa Tanganyika. Lakini nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu, kati ya Mei na Agosti, ili samaki wazaane. Kwa upande wa Tanzania jambo hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2024. Ziwa linapofungwa, kitoweo hupungua sokoni, na watu wa milimani hawana bahari ya kukimbilia. Je, maofisa wa uvuvi wa Visiwani wamekwisha kutazama kalenda hiyo? Malori yanayoshuka Dar es Salaam na kahawa hupanda tena na mizigo. Magunia ya dagaa yaliyokaushwa vizuri na kufungwa kwa usafi hayatakosa nafasi. Kikwazo ni makaratasi. Mfanyabiashara mdogo wa Mkokotoni akipewa fomu ya forodha ya Kifaransa atampa wakala, na wakala atakula faida yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, imekwisha kukikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Basi fomu za mpakani Kabanga na Kobero ziandikwe pia kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki yoyote.

Kiswahili huko si mgeni. Wajerumani walipoweka kituo chao cha Usumbura mwaka 1897, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika ziwani miaka mingi kabla yao, na jamii yao ndiyo iliyoleta mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambako mpaka leo husikia ila Kiswahili barazani. Historia hiyo ina upande mzuri na upande mbaya, na haifai kuficha mmoja. Rumaliza, tajiri wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao Ujiji, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu ya bunduki, na mwami Mwezi Gisabo akamrudisha nyuma. Lakini Sidi Mubarak Bombay, aliyeishi Zanzibar, alifika katika maji hayo akiwa na Burton na Speke mwaka 1858, akarudi tena na Stanley mwaka 1871. Kusini ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Majina ya wapagazi wa Unguja na Bagamoyo waliobeba mizigo yao hayamo.

Jiwe hilo ni moja tu katika mambo ya kutazamwa. Huko Rutovu, juu kilimani, kuna chemchemi ndogo sana inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote, na juu yake imejengwa piramidi ya mawe. Kuna maporomoko ya Karera, bonde la Nyakazu lenye magenge ya kutisha, viboko wa mto Rusizi, na sokwe wa msitu wa Kibira. Lakini sisi tungemwambia mgeni aanzie Gishora, karibu na Gitega, zilikotunzwa ngoma za kifalme. Wapigaji hufika wamezibeba vichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga nusu duara, na mlio wake humfika mtu kifuani kabla ya kumfika sikioni. Shirika la UNESCO liliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mtu wa Visiwani aliyekulia msondo na ngoma za unyago atajua kwamba anachokisikia si mchezo wa kufurahisha watalii.

Maelfu ya wageni hushuka Zanzibar kila mwezi, wakaota jua, wakarudi kwao bila kuambiwa kwamba milima hiyo ipo. Na maelfu ya Warundi hufika Dar es Salaam kwa biashara, wakalala Temeke usiku tatu au nne, wasifike hata Kunduchi kuyaona mawimbi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia ni daladala gani la kupanda. Idara za utalii za pande zote mbili za Muungano zingeweza kuanza na jambo dogo: ubao mmoja wa maelezo, kwa Kiswahili na Kifaransa, katika maegesho ya malori na kwenye kituo cha mabasi, unaoonyesha boti za Unguja zinaondoka saa ngapi, nauli ni kiasi gani, na mgeni alale wapi kwa bei ya mtu wa kawaida. Halmashauri ya Temeke inao mafundi wa kuuchora. Tutapita kuutazama kabla ya malori ya msimu ujao wa kahawa kuanza kushuka.